Hidaya Kaghairi: Kisa cha Kundi la Ukoo Mmoja wa Lindi, Mei 2024

Tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) liliingia kwenye kundi la ukoo Ijumaa, tarehe 3 Mei 2024, likiwa limekwisha kupita mikono mingi. Kimbunga kiko baharini, mashariki ya Mtwara, kinaitwa Hidaya, kinasogea pwani. Wakazi wa ukanda wote kuanzia Mtwara hadi Tanga, pamoja na visiwani, wajihadhari na upepo mkali, mvua kubwa na mawimbi. Chini yake palikuwa na picha ya setilaiti, wingu jeupe lililojiviringa juu ya bahari.

Jibu la kwanza lilitoka Kilwa Kivinje, kwa baba mdogo mmoja ambaye ni mvuvi: "Hidaya wa nani huyu? Akija aje na kanga zake, huku hatuna za kumpa." La pili likatoka Mtwara, Shangani, likikumbusha vimbunga vya miaka ya nyuma: "Kenneth alitukwepa, Jobo akaishia njiani. Huyu naye atapata dharura." Kufikia magharibi neno lililokuwa linazunguka kundini ni moja tu: Hidaya kaghairi, nauli imepanda.

Mimi ni mkwe katika ukoo huu, na mkwe kundini husoma zaidi ya anavyoandika. Wenyewe wameniruhusu kukieleza kisa kwa sharti kwamba nisimtaje mtu, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike. Kilichonifanya niandike ni maelezo yaliyokuja baadaye. Kila anayekisimulia leo, ndani ya ukoo na nje, anamalizia palepale: walicheka kimbunga, kikawaonyesha. Nimeyasoma tena mazungumzo yale kuanzia juu mpaka chini, na sikubaliani na maelezo hayo hata kidogo.

Kwanza lililokuwa mezani. Jumatatu tarehe 6 Mei palikuwa na arobaini ya bibi, Lindi mjini. Ndugu wa Dar es Salaam walikuwa wamekodi kosta ya kuwachukua kutoka Mbagala Jumamosi asubuhi, pamoja na magunia ya mchele, masufuria ya kuazima na wazee wawili wenye matatizo ya miguu. Basi lile tangazo halikuwa habari ya kupita tu. Nyuma ya mizaha yote lilikuwapo swali ambalo kila mtu alilijua: kosta iondoke au isiondoke?

Ijumaa usiku wakakubaliana isubiri. Jumamosi boti za Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa, Dar ilinyesha, watu wakakaa ndani. Usiku wa kuamkia Jumapili TMA ikatoa taarifa nyingine: Hidaya kimeingia nchi kavu kisiwani Mafia na kimepoteza nguvu, tishio la kimbunga halipo tena. Taarifa hiyo ilikuwa sahihi. Ndani ya kundi ikapokelewa kwa "Alhamdulillahi" na kwa mzaha wa mwisho, kwamba Hidaya kafika Mafia kaona nazi, kasahau safari. Alfajiri kosta ikaondoka Mbagala. Mchana walikuwa wamesimama upande wa kaskazini wa Somanga, wilayani Kilwa, kwenye foleni ya malori na mabasi, kwa sababu barabara kuu ya kusini ilikuwa imekatwa na maji. Ilichukua siku kadhaa kupitika tena. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Innocent Bashungwa, alikwenda mwenyewe kusimamia kazi na watu wa TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Ndugu zetu walilala garini, wakala mchele wa arobaini uliopikwa kando ya barabara, kisha wakageuza kurudi Dar. Njia nyingine ya kufika Lindi ilikuwa kuzunguka kwa Iringa, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi, zaidi ya kilomita 1,500 badala ya zile 450 na ushee. Kwa wazee wale haikuwa njia.

Arobaini ilisomwa bila wao.

Sasa hebu tuanze na kicheko, maana ndicho kinachoshtakiwa. Ukitaka kujua kama mtu ameamini habari, soma alichokiandika, halafu uulize alifanya nini mikono yake ilipoiacha simu. Nimeuliza. Yule baba mdogo wa Kivinje, mwenye mzaha wa kanga, Ijumaa ileile alasiri alikuwa ameita vijana wakaivuta mashua mpaka juu kabisa, kwenye minazi. Injini ameifungua kaipeleka nyumbani, nyavu kaziingiza chumbani kwa mkewe. Ujumbe wake aliuandika akiwa amekalia hiyo injini. Shangazi wa Shangani, aliyesema Hidaya atapata dharura, alikuwa amepandisha mifuko ya mchanga juu ya bati na kuwahamishia watoto kwa jirani mwenye nyumba ya zege. Wa Mbagala waliahirisha safari iliyokwishalipiwa. Kati ya watu wote waliozungumza siku ile sikumpata hata mmoja aliyecheka kisha akakaa kama vile hakuna kitu.

Aliyekulia kusini hapaswi kushangaa. Mtani msibani hulala njiani jeneza lisipite mpaka alipwe, humwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, huwatoza wafiwa faini kwa kulia vibaya, na ni huyohuyo anayekamata jembe kaburini na kuchota maji ya kuoshea. Mgeni akimwona atadhani hana adabu wala haamini kwamba mtu amekufa. Kwetu utani ni namna ya kukaa karibu na jambo zito bila kuangukiwa nalo. Kimbunga kilichopewa jina la mtu, tena jina ambalo kila mtaa wa pwani unalo, kilikuwa kinaomba mtani. Na jina lenyewe halikuwa na siri yoyote: nchi za kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hupendekeza majina kabla ya msimu, yakapangwa kwa herufi. Kabla ya Hidaya kulikuwa na Gamane mwezi Machi, na baada yake akaja Ialy mwezi huohuo wa Mei.

Pale kwenye Kenneth na Jobo napo pana jambo la kutazamwa vizuri, kwa sababu shangazi hakutania hewani. Alikuwa anataja rekodi. Aprili 2019 Mtwara iliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja. Shule zikafungwa, watu wa mabondeni wakaelekezwa kuhama. Tarehe 25 Aprili kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, kiasi cha kilomita 200 kusini ya Mtwara mjini, upepo ukiwa umefika kilomita 220 kwa saa. Mtwara wakatoka nje asubuhi wakaona miembe imesimama. Ng'ambo ya Ruvuma, ambako Wamakonde wengi wa upande wetu wana ndugu, zaidi ya watu 40 walikufa na maelfu ya nyumba yalilala chini. Miaka miwili baadaye, Aprili 2021, ikaja zamu ya Jobo: kilitazamiwa pwani ya Tanzania, lakini kilisambaratika kabla hakijaleta kishindo, na mizaha yake ilitembea nchi nzima.

Mtu akiyaweka hayo mawili pamoja na kusema "hawa watu wa hali ya hewa hukosea", ana ushahidi mkononi, na kumwita mjinga ni uvivu wa kufikiri. Kinachokosekana ni kujua utabiri ule unapimwa kwa kipimo gani. Njia ya kimbunga haitabiriwi kama mstari. Hutabiriwa kama eneo linalopanuka kadiri unavyotazama mbele. Kwa siku moja mbele, kosa la makumi ya kilomita ni la kawaida. Kwa siku tatu linaweza kupita mia. Kwa Kenneth, kilomita 200 ndizo zilizotenganisha miembe iliyosimama na vijiji vilivyofutika. Nguvu nayo ni ngumu kuibashiri kuliko njia: upepo wa juu ukivuma kwa kasi tofauti na wa chini hukipasua kimbunga, na hewa kavu ikiingia ndani yake hukifisha, ndiyo yaliyompata Jobo. Tena huku kwetu tuko karibu na Ikweta. Lindi iko nyuzi 10 kusini, Mafia karibu nyuzi 8, na mzunguko wa dunia unaokipa kimbunga msokoto wake hudhoofu kadiri unavyoisogelea Ikweta. Vingi hupindia kusini, kuelekea Msumbiji na Madagaska. Ndiyo maana havitufikii mara kwa mara, ingawa kutufikia si jambo la kusadikika tu: Zanzibar ilipigwa Aprili 1872 mikarafuu ikang'oka, na Lindi yenyewe ilipigwa Aprili 1952. Wazee wa kuisimulia hiyo ya 1952 wamebaki wachache, na hakuna hata mmoja wao aliye na simu ya kuingia kwenye kundi.

Kwa hiyo mizaha ilikuwa na kumbukumbu ndani yake, na haikumzuia mtu kujiandaa. Kama kosa halikuwa hapo, lilikuwa wapi?

Mimi nalianzia kwenye ujumbe wa saa tatu usiku, Ijumaa. Kijana wetu anayesoma chuo Dodoma, mtoto mzuri na mwenye akili, alichoka na mizaha akaandika kwa hasira: "Ndiyo maana hatuendelei. Wenzetu wanapeleka vyombo angani, sisi sayansi tunaigeuza taarabu." Akafuatisha maelezo marefu juu ya joto la bahari, kwamba kimbunga huhitaji maji yenye nyuzi 26 au 27 kwenda juu, na kwamba mwaka ule bahari ilikuwa ya moto kupita kawaida. Yote kweli. Ila kuanzia hapo kundi liligawanyika vyama viwili. Wengine wakamjibu "sawa msomi", wengine wakamtetea, na swali likageuka kuwa nani anaamini sayansi na nani haamini. Nimeshaona jambo hili mara nyingi, iwe habari ni ya chanjo, ya setilaiti au ya tetemeko: mkaripiaji akishaingia, habari yenyewe huachwa pembeni na watu huanza kupimana imani.

Katikati ya vurugu hiyo, saa tatu na nusu, uliingia ujumbe wa mjomba. Nauweka kama ulivyo:

"Asalaam aleikum. Matandu imejaaje? Na pale Somanga maji yalishuka?"

Mpwa wake wa Mbagala akamjibu kwa adabu: "Shikamoo mjomba. Hapa tunazungumzia kimbunga, mambo ya mito tutayaangalia." Mjomba akaitikia "Marahaba mama", akanyamaza. Hakuandika tena mpaka Jumapili jioni. Katika ukoo wa Kimwera mjomba hakatizwi, kila mtu analijua hilo, lakini kwenye simu hakuna mkeka wala nafasi ya mbele ya kukalia. Maneno yake yalifunikwa na vikatuni vya kucheka kabla nusu ya watu hawajayaona.

Mjomba alikuwa dereva wa malori. Aliiendesha barabara ya kusini tangu enzi za kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, masika yalipoweza kuifunga Lindi isionane na Dar kwa wiki na wiki. Kwa mtu wa namna hiyo habari ya kimbunga haina haja ya kuaminiwa wala kukanushwa. Aliigeuza papo hapo kuwa swali la barabara: maji yaliyopo sasa ni kiasi gani, na yakiongezeka yatakata wapi? Alikuwa anajua kwamba masika ya mwaka ule yalikuwa makali tangu mwanzo. Mwezi Aprili mafuriko yalikuwa yameizamisha Rufiji, mashamba na nyumba. Ardhi kutoka Ikwiriri hadi Nangurukuru ilikuwa imeshashiba. Mvua ambayo mwezi wa Januari ingezama mchangani, mwezi wa Mei haina pa kwenda isipokuwa kwenye makalavati.

Hapo ndipo picha ya setilaiti ilipotuponza. Tangazo la TMA lilitaja mvua kubwa waziwazi. Sina lawama kwao. Ila picha inaonyesha msokoto, msokoto unamfanya mtu afikirie upepo, na kundi zima likajiandaa kwa upepo: mashua juu, mchanga kwenye bati, kosta isubiri. Kisha likakaa kuusubiri upepo huo kama hakimu. Jumamosi upepo ulipokuwa wa kawaida Lindi mjini, hukumu ikatoka. Na taarifa ya usiku iliposema kimepoteza nguvu, watu wakasikia hatari imekwisha.

Kupoteza nguvu maana yake nini? Kimbunga hulishwa na joto na mvuke wa bahari. Kikigusa nchi kavu kinakatiwa chakula na kukwaruzwa na ardhi, kasi ya upepo inashuka, msokoto unafumuka, na wataalamu wanaacha kukiita kimbunga kwa sababu sifa za kuitwa hivyo hakinazo tena. Lakini maji yale kiliyoyabeba hayarudi baharini kwa heshima. Yanamwagika, na yaliyomwagika bara yanachukua saa nyingi, pengine siku nzima, kushuka hadi barabarani. Mto Matandu unatoka huko bara, Liwale. Mto kama huo unaweza kuwa bado unapanda wakati mbingu zimeshatakata na ndugu zako wanapakia magunia kwenye kosta. Habari mbili zilikuwa kweli kwa wakati mmoja, kwamba kimbunga kimekwisha na kwamba hatari kubwa zaidi kwa msafiri wa Lindi ndiyo inaanza. Kundi lilikuwa na nafasi ya habari moja.

Nimewahi kuambiwa kwamba mjomba naye angesema kwa nguvu zaidi. Labda. Mimi naona dosari iko kwa sisi wengine, nikiwemo mkwe msomaji, ambao tulikuwa na namba za madereva, za mwenye mgahawa Somanga, za mwalimu mmoja wa Nangurukuru, na Jumapili alfajiri hakuna aliyepiga. Nilimuuliza yule mwalimu baadaye. Akasema angetuambia kwamba usiku kucha alikuwa anasikia malori yakigeuza.

Kuna mkia wa kisa hiki ambao naupitia haraka. Jumapili iliyofuata, tarehe 12 Mei, intaneti ilizorota nchi nzima. Kundini ikasemwa papo hapo: Hidaya kakata barabara, sasa kakata na waya. Ukweli ni kwamba nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika kwenye kipande cha kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, mbali sana na Mafia, na wiki nzima baada ya kimbunga kumalizika. Safari hii msomi wetu hakukaripia. Aliweka ramani ya nyaya zile, akaandika mstari mmoja: "Palipokatika ni hapa chini, baba." Baba mdogo akajibu, "Basi Hidaya kasingiziwa, tumwombe radhi," na mambo yakaishia hapo. Nikilinganisha siku hizo mbili, mzaha ulikuwa uleule na watu walewale. Aliyebadilika ni kijana: aliacha kuwapima watu imani yao akajibu lile lililosemwa.

Kama ningepewa nafasi ya kuandika upya ujumbe mmoja wa Ijumaa ile, nisingegusa mzaha hata mmoja. Ningeweka huu, chini ya picha: "Kimbunga kikifika au kisifike, mvua itakuwepo. Ardhi imeshashiba. Kosta isiondoke Mbagala mpaka mtu aliyeko Somanga aseme kwa macho yake kwamba gari zinapita." Maneno hayo hayahitaji mtu aiamini TMA wala aidharau. Na mwenye haki ya kuyaandika alikuwapo kundini.

Mwezi Aprili 2025 barabara ilikatika tena Somanga. Hakukuwa na kimbunga. Hakukuwa na jina la kutania wala picha ya kusambaza, kwa hiyo kundini hakuna aliyetuma kitu, hakuna aliyecheka na hakuna aliyekaripia. Ilikuwa mvua tu, nayo mvua ya kawaida haina tangazo linalopita mikono mingi. Tulijua barabara imekatika pale shemeji aliyekuwa anatoka Mtwara na gari la korosho alipopiga simu akiomba apelekewe hela ya kula.